Basi Lililopashwa Moto Mapema

Mashati sitini ya shule yalikuwa yameanikwa uani tangu alfajiri, meupe pe, na sasa yote yalinuka mafuta ya injini. Mshonaji alilivuta moja kwenye kamba, akalinusa kwenye kola, akalinusa kwapani, akaliachia. Upande wa pili wa ua huohuo shemeji yake alikuwa ameketi kwenye usukani wa basi dogo la kijani, anakanyaga mafuta taratibu, na moshi wa bluu ulitoka kwenye ekzosi ukaja moja kwa moja kwenye nguo kana kwamba umetumwa.

"Shemeji," akaita. "Haya ni mashati ya watu."

"Moshi tu huo, shemeji. Hauachi doa."

"Unaacha harufu."

"Basi fua tena. Maji si yapo?" Akacheka, akapandisha kioo cha dirisha ili moshi usimfikie yeye.

Maji yalikuwapo. Sabuni ndiyo haikuwapo. Haikuwapo kwa sababu mume wake hakuwa na kazi, na hakuwa na kazi kwa sababu ya mtu huyohuyo aliyekaa kwenye usukani na kioo chake juu. Mambo mengine hayana haja ya kuzungushwa.

Walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazotazamana. Mkubwa alikuwa na gereji barabarani, na kwenye gereji alikuwa na meza, na juu ya meza alikuwa na muhuri, kwa hiyo watu walimwita Mkurugenzi. Mdogo ndiye aliyekuwa na ujuzi. Yeye watu walimwita Pua. Gari likiletwa linafuka, Pua hakukimbilia spana. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe ambacho mkewe alimkatia kwenye mabaki ya nguo, akakishika nyuma ya ekzosi, akakitazama, akakisugua kwa vidole, akakinusa. Masizi makavu meusi, injini inalishwa mafuta kuliko hewa inayovuta. Safisha filta kwanza kabla hujamtisha mwenye gari. Kitambaa kikilowa na kunukia utamutamu, na moshi ni mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, basi maji ya rejeta yanaingia pasipo mahali pake. Kikipata utelezi na moshi ni wa bluu, mafuta ya injini yanaungua, na hapo ndipo kazi ya kuuliza maswali inapoanza.

Kuuliza aliuliza kweli. Kuna mama wa saluni aliyeletewa hukumu na fundi mwingine kwamba jenereta lake limekwisha, ringi zimekufa, atafute jingine. Lilifuka mpaka majirani wakafunga madirisha. Pua aliuliza jambo moja tu: "Mmelibebaje?" Wakasema limelazwa ubavu nyuma ya pikipiki. "Basi mafuta yamemwagikia ndani. Liacheni lifuke dakika tano." Lilifuka dakika sita, likatulia. Hakumtoza kitu yule mama, na usiku huo kaka yake alimkaripia kwa kumwacha mteja aondoke na hela yake.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimamishwa mbele ya wazazi wa shule nzima akaitwa mharibifu.

Ilikuwa hivi. Muhula ukikaribia kufunguliwa, basi la shule lililetwa gereji linatoa moshi mweupe. Pua akanusa, akasema gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imepasuka, basi lisitembee, hedi ifunguliwe, inyooshwe, ifungwe upya. Kazi ya siku nne. Mkurugenzi akamtuma mdogo wake akatengeneze pampu ya maji mbali, na nyuma yake akamimina dawa ya kuziba kwenye rejeta, moshi ukakata, akaandika risiti ya kazi nzima, akapiga muhuri. Penye nafasi ya jina la fundi aliandika jina la mdogo wake. Pua aliporudi na kuuliza, aliambiwa, "Itashika mpaka likizo. Tutafungua likizo." Haikushika hata mwezi. Basi lilikwama mlimani na watoto ndani, na matroni wa shule, mama mmoja mnene mpole, alishuka kuangalia kinachofuka mbele. Mvuke ukamlipukia mkono kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Kwenye mkutano wa wazazi Mkurugenzi alishika kipaza sauti. "Nimemwamini ndugu yangu, akaniangusha. Nimemfukuza, na vifaa vyake nimevizuia. Lakini na nyinyi, fundi anayesoma injini kwa pua, mlitegemea nini?" Ukumbi ukacheka. Mshonaji alikuwa ameketi safu ya nyuma na tepu yake ya kupimia shingoni, na alikisikia kicheko kile chote, mpaka cha mwisho mwisho.

Kwa nini Pua hakusema? Kwa sababu ya mama yao. Bibi huyo alilala kwenye nyumba ya mdogo, lakini dawa zake za presha zilinunuliwa na mkubwa. Jioni ya mkutano alimshika Pua mkono. "Nyamaza, mwanangu. Yatapita. Ukimjibu kaka yako mbele za watu utakuwa umenizika." Pua akanyamaza. Mshonaji hakuombwa na mtu kunyamaza, lakini neno lake peke yake, mke wa mtuhumiwa, nani angelichukua?

*

Siku hiyo ya mashati Pua alirudi mchana mikono mitupu. Alikuwa ameahidiwa kurekebisha pikipiki ya jirani, akaenda kuazima spana kwa kijana mmoja ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana. Kijana alijikuna kichwa. "Fundi, si kwamba sikuheshimu. Lakini ikisikika kwamba vifaa vyangu ndivyo ulivyotumia..." Hakuimalizia sentensi. Alipofika kwa jirani, pikipiki ilikuwa imeshapelekwa kwingine.

Mkewe alimwekea chakula, akasubiri amalize nusu. Ndipo akauliza.

"Lile basi la kijani lina nini?"

"Lipi?"

"Usijifanye. Wamechukua spana zako, pua hawajachukua."

Pua alitabasamu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi. "Sili za vali. Vile vipira vimekauka. Injini ikizimwa ikakaa, mafuta yanadondoka kidogo kidogo juu ya pistoni. Ukiwasha, yanaungua dakika mbili tatu, moshi unatoka bluu, halafu unakata. Injini yenyewe ni nzima kabisa."

"Na mtu akiliwasha kabla mnunuzi hajafika?"

"Mnunuzi hataona kitu. Huo ni ujanja wa siku zote. Ndiyo maana huwa nawaambia watu, ukienda kununua gari gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto na wewe ndiyo kwanza umefika, jiulize."

"Likizimwa likakaa, moshi unarudi baada ya muda gani?"

"Saa moja, saa moja na nusu hivi. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alikuwa anauliza kwa sababu alijua basi lile linakwenda wapi. Shule ilikuwa inalinunua. Mkurugenzi, kwa huruma zake, alijitolea kuitafutia shule basi jingine kwa bei ya udugu, na juu ya hapo akasema atalichukua lile lililokufa kama chuma chakavu ili kuwapunguzia mzigo. Keshokutwa asubuhi angekabidhi la kijani, na kufikia mchana angekuwa amelivuta la zamani. Watu walimsifu. Mwalimu Mkuu mwenyewe alimwambia mshonaji, wakipanga siku ya kuleta mashati, "Shemeji yako ana moyo." Mshonaji alisema ndiyo, anao, akaomba mashati ayalete siku hiyohiyo ya makabidhiano, saa tatu kamili.

*

Alfajiri ya siku yenyewe Mkurugenzi aliwasha basi saa kumi na mbili. Likafuka, likasafika. Akaliendesha mpaka kwenye lami na kurudi, akaliendesha tena, akalifikisha shuleni saa tatu kasoro likinguruma vizuri, ekzosi safi kama birika jipya. Aliridhika na nafsi yake. Alizima, akaweka funguo juu ya meza ya Mwalimu Mkuu pamoja na karatasi, akaketi, akaweka mguu juu ya mguu. Palikuwa na wazazi wawili wa kamati, na matroni alisimama mlangoni, mkono wake wa kushoto ukiwa na ngozi mpya ya waridi inayong'aa.

"Tukaliwashe, mlione, tusaini," alisema.

Hapo mshonaji akaingia, na nyuma yake Pua, amebeba bunda la mashati kichwani kama mchukuzi. Mkewe alikuwa amemwomba ambebee tu. Alipomwona kaka yake alitua mzigo, akasalimu, akarudi nje kusimama karibu na uzio.

"Mwalimu, samahani," mshonaji alisema. "Mimi sitachukua muda. Ila muhula uliopita nilisemwa kwamba mashati yalipungua vifungo. Leo naomba tuhesabu shati kwa shati, kamati ikiwapo, ili nisije nikasingiziwa."

"Yote sitini?"

"Jina la mtu likichafuka, Mwalimu, halina sabuni. Mimi naogopa."

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa haki, na neno hilo lilimgusa pabaya, kwa sababu alijua ni mke wa nani anayelisema. Akavuta kiti. "Hesabu."

Wakahesabu. Vifungo saba mbele, viwili mikononi, kimoja cha akiba ndani ya pindo. Mshonaji alikunjua kila shati, akalipitisha kwa mzazi wa kwanza, kwa mzazi wa pili, akalikunja upya polepole, kona kwa kona. Kwenye shati la kumi na tisa aligundua uzi unaoning'inia, akatoa sindano. Mkurugenzi akateremsha mguu. Kwenye shati la thelathini akaangalia saa. Yeye alijua sili zile zinahitaji muda gani, tena alijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote chumbani.

"Ngoja nikaipashe injini moto wakati mnaendelea," alisema, akanyoosha mkono kwenye funguo.

"Ipate moto wa nini?" matroni aliuliza.

"Desturi tu ya magari."

"Kaa, shemeji," mshonaji alisema bila kuinua macho. "Wewe ni mtu wa familia, nakutegemea uwe shahidi wangu. Thelathini na moja. Hesabu na wewe."

Akakaa. Angefanyaje? Akipinga ataonekana hataki shemeji yake atendewe haki. Alihesabu vifungo vya mashati yaliyonuka moshi wake mwenyewe, jasho likimtoka puani. Walipofika sitini, kengele ya mapumziko ikalia na watoto wakamwagika uwanjani. Tangu ajali ya mlimani, shule hiyo ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: watoto wakiwa uwanjani, gari haliwashwi. Mshonaji aliijua sheria hiyo kwa sababu alishona fulana za walinzi wa zamu. Alifunga sindano yake kwenye kitambaa, akakubali chai aliyokaribishwa, na akainywa yote.

*

Saa nne na nusu wote walitoka nje. Mshonaji alikuwa na kipande cheupe mfukoni. Alimpa mzazi mmoja wa kamati, akamwomba akishike nyuma ya ekzosi, kwa usalama tu, si wanasema kinga ni muhimu. Mkurugenzi akapanda, akakaa na funguo mkononi muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Akawasha. Moshi wa bluu ulitoka mzito, ukamfunika yule mzazi mpaka kiunoni, ukapanda ukapita madirisha ya darasa la tatu. Walimu walitoa vichwa nje.

"Hii ni nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ah, ubaridi wa asubuhi, Mwalimu. Unakata sasa hivi."

"Saa nne na nusu?"

Mzazi alikuwa anakitazama kitambaa. Kilikuwa na duara la utelezi. Alikinusa, kisha, bila kufikiri, akageuka kumtafuta mtu ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Wote wakageuka. Pua alikuwa bado amesimama pale karibu na uzio, mikono nyuma.

"Wewe," Mwalimu Mkuu alisema. Aibu ilimkata sauti, akaanza upya. "Fundi. Njoo utuambie."

Pua akaja. Akakipokea kitambaa. Mshonaji alisimama mbele yake ambapo angeweza kumwona, akamtazama kwa nguvu zake zote. Neno moja tu lilitakiwa: ringi. Injini imekufa. Nani angembishia? Biashara ingevunjika hapohapo, na Mkurugenzi angerudi nyumbani na basi lake na sura yake. Alikuwa amefua mashati sitini mara mbili, ya pili kwa maji matupu, kwa ajili ya neno hilo.

Pua alisugua kitambaa kwa vidole. Akanusa. Akasikiliza injini, ambayo moshi wake ulishaanza kupungua.

"Sili za vali," alisema. "Zimekauka. Ni vipira vidogo, kazi ya siku moja na nusu. Injini ni nzima. Akipunguza gharama ya sili kwenye bei, mnaweza kulinunua, ni basi zuri."

Kwa muda huo mfupi mshonaji alimchukia mume wake kuliko alivyowahi kumchukia shemeji yake. Alitamani ardhi immeze mwanaume yule na pua yake na uungwana wake wote, ambao haukuwa umewanunulia hata mche wa sabuni.

Mkurugenzi alishuka garini akiwa mtu mpya. Alimpiga mdogo wake begani, akacheka kwa sauti ili hata madarasani wasikie. "Mnaona? Ukimsimamia, anajua kazi. Mimi sina kinyongo, jamani, damu ni damu. Jumatatu njoo gereji, mdogo wangu. Nitakupa kazi ya kuosha injini. Kuzifungua bado, tutaangalia ukitulia."

Mzazi mmoja alicheka. Mmoja tu, na si kwa ubaya. Lakini Pua alikisikia, na kwa mara ya kwanza mkewe alimwona anabadilika uso.

"Mwalimu," alisema, "kuna spana namba kumi hapa shuleni?"

"Ya nini?" kaka yake aliuliza haraka.

"La zamani bado lipo nyuma ya jiko. Nilitaka kuonyesha jambo kabla halijavutwa."

"Lile ni langu, chuma chakavu hicho. Tumeshamalizana."

"Halijawa lako," Mwalimu Mkuu alisema. "Sijasaini."

Spana ilipatikana kwa mlinzi. Wakazunguka nyuma ya jiko, watu wanane au tisa, Mkurugenzi akiwa wa mwisho, anaongea peke yake juu ya kupoteza muda. Pua aliinua boneti. Kwanza alifungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kitambaa kilekile, akakitoa na tope la kijivu lenye chembe zinazometa. "Hii ni dawa ya kuziba. Ukishafungua hedi na kuweka gasketi mpya, huiweki. Haina kazi." Kisha akafungua kifuniko cha vali, taratibu, bolti kwa bolti, akakiweka kando. Hakuwa ameshika injini kwa wiki nyingi, lakini mikono haikusahau kitu.

"Mama matroni, sogea wewe," alisema.

Matroni akasogea.

"Bolti za hedi haziondoki kwa kubembelezwa. Unaweka spana, unaongeza bomba, unavuta mpaka inalia. Ikitoka inakuwa na kovu. Kiwandani wakishazikaza wanapiga mstari wa rangi ya njano, unatoka kwenye bolti unavuka mpaka kwenye hedi. Bolti ikizunguka, mstari unakatika. Angalia hizi."

Matroni aliingiza mkono wake ulioungua ndani ya boneti. Aliifuta bolti ya kwanza kwa kidole, kisha ya pili, kisha zote, akizihesabu kwa sauti, na hakuna aliyemharakisha. "Kumi na nane," alisema. "Zote zina mstari mzima."

"Basi hedi hii haijafunguliwa tangu izaliwe," Pua alisema. "Siyo kwamba niliifungua vibaya. Hakuna aliyeifungua."

Mtu yuleyule aliyesema la kijani ni zima, kwa faida ya kaka yake, dakika kumi zilizopita, ndiye aliyekuwa anasema hili. Hapakuwa na mtu pale aliyeweza kufikiri anadanganya. Mshonaji ndipo alipoelewa. Yeye alitaka uongo wa neno moja. Mume wake alikuwa amempa kitu kikali zaidi.

"Risiti ninayo," Mwalimu Mkuu alisema polepole. "Gasketi. Kunyoosha hedi. Kazi ya siku nne. Ina muhuri."

"Huenda vijana pale gereji..." Mkurugenzi alianza.

"Ina jina la fundi mmoja. Na mwandiko ni wako."

Mkurugenzi alimsogelea mdogo wake, akashusha sauti. "Tuyamalize nyumbani. Haya ni mambo ya familia."

Mshonaji ndiye aliyejibu. "Hukuyaanzia nyumbani, shemeji. Uliyaanzia ukumbini, kwenye kipaza sauti. Utayamalizia hukohuko."

Matroni alikuwa bado ameshika boneti. "Mimi nilikuwa siwasalimii," alimwambia mshonaji, machozi yakimlenga. "Muda wote huu nilikuwa nawapita njiani siwasalimii." Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akamwonyesha mkono.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko siku ile ya kwanza, maana habari zilishatembea. Mkurugenzi alisimama palepale. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hedi haikufunguliwa, kwamba mdogo wake hakuligusa basi lile, kwamba pesa zote za risiti atazirudisha pamoja na za hospitali.

"Sauti," matroni alisema kutoka safu ya mbele. "Siku ile tulikusikia vizuri."

Akarudia. Kipaza sauti kikapiga kelele, wakakizima, akaambiwa arudie bila hicho. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alisema jina la mdogo wake, jina kamili aliloitwa na mama yao. Mshonaji alikuwa ameketi safu ileile ya nyuma. Wapo wanaosema kisasi hakina ladha. Huenda wao walikila kikiwa kimepoa. Yeye alikisikia kinashuka kooni kitamu, akatamani mkutano uendelee mpaka jioni.

Walipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, ameshaletewa habari zote na watoto wa jirani. Kwenye nyumba ya pili mlango ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa. Sanduku la vifaa la Pua lilikuwa limewekwa katikati ya ua bila salamu. Mshonaji alilipita, akaenda kwenye kamba, akaanza kuanua nguo.

"Umefurahi?" mama mkwe akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu amesimamishwa mbele za watu akavuliwa nguo. Nitapita wapi mimi? Nitaweka wapi uso wangu? Na wewe ndiye uliyepanga, wewe na vifungo vyako."

Mshonaji alikunja nguo aliyoishika, akaiweka begani. "Mwanao yupi, mama?"

"Unasemaje?"

"Nauliza mwanao yupi. Maana walisimamishwa wawili, ukumbi ni uleule. Mmoja alisema kweli yake leo akaona haya, mmoja alisingiziwa na akachekwa. Yule wa kwanza kuchekwa sikukusikia ukimlilia. Ulimwambia anyamaze."

Bibi akamgeukia Pua, kama alivyomgeukia siku zote nyumba ilipopata joto, kwa sababu Pua ndiye mtoto asiyesumbua. "Mwambie mkeo anyamaze," alisema.

Pua alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku lake, hajalifungua bado. Aliinua macho akamtazama mama yake.

"Mjibu, mama," alisema.

Kisha akafungua sanduku, akaanza kupanga spana zake. Mshonaji akarudi kwenye kamba kuanua zilizobaki, na safari hii hakuna hata mmoja wao aliyemsaidia mama kutafuta jibu.